Kuchagua feni isiyopiga kelele kwa prosesa uliyoiovaklok, kwa sisi wa Mwanza

Wadau, kama umeshaovaklok prosesa (yaani umeilazimisha ikimbie kupita spidi ya kiwandani) na saivi mashine inanguruma usiku kucha, usikimbilie feni inayozunguka kwa kasi. Unachotafuta ni feni pana, inayozunguka taratibu, na yenye nguvu ya kupenyeza hewa kwenye vibati vya hitisinki (kile chuma kinachonyonya joto la prosesa). Twende taratibu.

Hatua ya 1: Jua joto unalopambana nalo

Joto la prosesa linapanda sambamba na spidi, ila kwenye volti linapanda vibaya zaidi, maana volti inajizidisha yenyewe kwa yenyewe. Chukulia umetoka GHz 4.0 kwenda 4.4 na volti umeipandisha toka 1.20 mpaka 1.35, hapo moto umeongezeka karibu 40%. Kwahiyo kabla hujatoa hela yako jaribu kushusha volti kidogokidogo huku unaangalia kama mashine bado inasimama vizuri, ni kelele unayoipunguza bure kabisa.

Alafu washa HWiNFO (programu ya kusoma joto la mashine), ipe mashine kazi nzito kama dakika 20 hivi, andika joto la prosesa na joto la chumba, toa moja kwa jingine. Hiyo tofauti ndo ya kufanyia kazi, feni haiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba hata iwe ya bei gani. Na hapa watu wengi wanapigwa, wanasoma majaribio yaliyofanyika kwenye vyumba vya digrii 20 au 21 wakati huku kwetu mchana chumba cha bati kinagonga 28, 30, na zaidi ya hapo tuko mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10 ukilinganisha na Dar, feni ileile kwa mzunguko uleule inabeba joto pungufu. Nunua yenye akiba.

Hatua ya 2: Pima

Feni ya milimita 120 matundu yake ya skrubu yamepishana milimita 105, ya 140 yamepishana 124.5. Unene wa kawaida ni 25. Angalia isije ikagonga ramu. Ya 140 ikiingia, chukua ya 140.

Hatua ya 3: Angalia presha, sio CFM peke yake

CFM (kiasi cha hewa feni inachosukuma kwa dakika) inapimwa feni ikiwa hewani haina kitu mbele. Ukiibandika kwenye hitisinki yenye vibati vilivyobanana hewa inagoma, hapo inayokuokoa ni presha, nguvu ya kusukuma hewa ipite, imeandikwa mmH2O. Kwa feni ya 120 mi natafuta kuanzia 2 kwenda juu. Arctic P12 ina 2.2, Noctua NF-A12x25 ina 2.34, zote zinafaa, ya Arctic ni ya bei ya chini sana na kwa wengi wetu ndo ningeanza nayo.

Hatua ya 4: Kelele

Ukipunguza mzunguko nusu, kelele inashuka kama desibeli 15, ila hewa nayo inapungua nusu. Ukiweka feni mbili zinazofanana unaongeza desibeli 3 tu. Ndo maana feni mbili za taratibu, moja inasukuma na nyingine inavuta, ni bora kuliko moja inayopiga yowe.

Hatua ya 5: Ikague mkononi

Ukiwa dukani mwambie muuzaji aiwashe kwenye volti 12 palepale. Isogeze sikioni, usisikilize upepo, sikiliza katikati: kama kuna kukwaruza au kutikitiki, rudisha. Izime, shika kitovu cha panga utikise upande kwa upande, ikicheza bushi imeisha hata kama boksi ni jipya. Soma lebo nyuma, kama ni ya 120 na imeandikwa ampea 0.5 ujue ikifika mwisho hutalala. Bushi za kawaida zinakauka mafuta kwenye joto, tafuta zenye maandishi FDB (bushi inayozunguka juu ya utando wa mafuta yaliyofungiwa ndani). Na iwe ya pini nne, za pini tatu kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) nyingine zinagoma kushuka spidi.

Hatua ya 6: Funga na upange spidi

Mshale ubavuni unaonyesha hewa inakoelekea. Tumia vipini vya mpira kama vipo. Ingia bayosi (menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka), weka spidi ya feni 30% mpaka digrii 50, 60% kwenye 70, 100% kwenye 85, alafu weka ucheleweshaji wa sekunde chache feni isipande na kushuka kila ukifungua programu, hiyo kelele ya kupanda-shuka inaudhi kuliko ya moja kwa moja.

Hatua ya 7: Vumbi na wadudu

Kama unakaa Kirumba, Capripoint au popote karibu na ziwa, wale wadudu wadogo wanaokuja makundi makundi wanafuata taa. Keisi yenye taa za rangi ikiwa karibu na dirisha wanaingia, wananyonywa, wanaganda na vumbi kwenye vibati mpaka inakuwa kama blanketi na feni inalazimika kukimbia. Zima taa za keisi usiku, weka chujio mbele, na kila mwezi toa feni upige brashi. Ukitumia bloa shika panga kwa kidole, bloa inaizungusha kupita ilivyotengenezwa na bushi inaumia.