Mazoezi ya Njiani kwa Asiye na Muda

Anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni na foleni ya Dar es Salaam hana saa nzima ya kwenda jimu. Muda wake uko njiani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na miongozo yake ya 2020 iliondoa sharti la zamani la dakika 10 mfululizo. Vipande vifupi navyo vinahesabika.

Wakati wa kurudi, shuka kituo kimoja au viwili kabla ya chako, umalizie kwa miguu. Kwa kupunguza msongo wa mawazo, tunaipendelea jioni: shingo na mabega yamekaza kwa kukaa siku nzima, na kutembea huyalegeza kabla hujafika kwa watoto. Dar jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima, kwa hiyo anayetoka kazini saa 11 huenda akawahi mwanga. Kama huwa unachelewa kutoka, hamishia matembezi mchana. Usitembee gizani kando ya barabara isiyo na njia ya miguu.

Kasi ndiyo inayowaangusha wengi. Hesabu hatua kwa sekunde 15: zikifika 25, uko sawa. Uweze kuongea, ushindwe kuimba. Simu iwe mfukoni, maana ukisoma meseji kasi hushuka na kazi inakufuata hadi nyumbani.

Beba raba kwenye begi. Viatu vya ofisini huleta malengelenge, na wiki ya pili unaacha. Anza na dakika 10 kwa siku, ongeza 5 kila wiki hadi 30, siku tano kwa wiki. Ukiruka siku, usiilipe kesho yake kwa kutembea mara mbili. Maumivu ya muundi hutokana na pupa hiyo.

Mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla ya kuoga ili jasho lisikudai maji mara ya pili, chuchumaa na kuinuka mara 10, kisha piga pushapu 10 ukiegemea ukuta. Pumzika dakika moja, rudia. Usibane pumzi, itoe unapoinuka.

Kifua kikiuma au ukisikia kizunguzungu, acha papo hapo ukamwone daktari. Mwone pia ikiwa usingizi umepotea kwa wiki kadhaa licha ya mazoezi.