Kamba nyekundu mezani: kurudisha umakini baada ya kiharusi

Mteja alidaiwa 14,000, mimi nikasoma 4,000. Ile moja ya kushoto sikuiona, na niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Pale Mwaloni Kirumba, ninapouzia dagaa, wakadhani uzee umeniingia. Wapi! Kiharusi kilinipiga upande wa kulia wa ubongo, basi kila kilichokaa kushoto kwangu kikawa kama hakipo. Nyumbani nilikula nusu ya sahani kisha nikauliza sato yuko wapi. Binti yangu akaizungusha sahani, huyo hapo.

Kama una shida hii, anza na kamba. Mtaalamu wa mazoezi aliniambia niweke alama kali kushoto. Sisi tukabandika kipande cha kamba nyekundu ya nyavu ukingoni mwa meza. Husomi, huhesabu, hugusi kitu mpaka uione kamba. Geuza kichwa kabisa, macho peke yake ni mavivu. Kwenye daftari piga mstari mwekundu pembeni kushoto, uanzie hapo kila unaposoma. Namba ya kutumia pesa itaje kwa sauti, tarakimu mojamoja, mtu akifuatilia. Miezi ya mwanzo simu ya pesa ikae kwa mwanao. Inauma, najua, ila kupoteza mtaji kunauma zaidi. Barabara ya Makongoro nayo usivuke peke yako: bodaboda ya kushoto utaijua ikishakugonga.

Umakini wenyewe nilianza kuurudisha kwa sado moja ya dagaa. Namwaga kwenye turubai, natoa mchanga na vijiti kwa dakika 10, redio imezimwa, hakuna wa kunisemesha. Halafu najilaza robo saa. Jilaze kabla hujachoka! Ukingoja kichwa kiwe kizito, siku hiyo imekwisha. Dakika 10 zikizoeleka, ongeza ziwe 15. Zikitulia hizo, washa redio kwa sauti ya chini, baadaye ruhusu mtu akuulize maswali ukiwa unachambua. Makelele ya sokoni yaache mwisho kabisa. Mimi niliwahi mno kurudi, nikakaa saa moja tu, kesho yake nikashindwa hata kukumbuka kama nimenywa chai.

Watu watakuletea bao na michezo ya kwenye simu. Cheza, bao ni tamu. Ila mimi bao lilinifanya hodari wa bao tu. Chenji ilirudi kwa kuhesabu chenji: noti mezani, mjukuu ndiye mteja, tena mkorofi kuliko wa kweli. "Bibi, umenipunja mia tano!" Tunaanza upya, kwenye kamba.

Vidonge vya presha meza kila siku, hata ukijisikia mzima, na uweke alama kwenye kalenda ukishameza, maana kumbukumbu itakudanganya. Na mdomo ukipinda ghafla, mkono ukalegea au maneno yakavurugika, usilale eti uone kama itapita. Wakuwahishe hospitali saa hiyohiyo, na wakumbuke dalili zilianza saa ngapi. Daktari ataliuliza hilo mapema.

Siku hizi nauza mpaka saa 6 mchana, kisha narudi kulala. Kamba nimehamia nayo kwenye meza ya sokoni. Wateja wageni wanadhani ni ya kufungia magunia.