Kutafuta minyoo ndani ya mijusi wachimbaji wa Ufilipino

Brachymeles ni mijusi wa magamba laini yanayong'aa, wanaojificha chini ya magogo yaliyooza na marundo ya makumbi ya nazi, hasa visiwani Ufilipino. Baadhi hawana miguu kabisa, hata mgeni huwadhania nyoka. Usikimbilie msituni kuwakamata. Waliohifadhiwa makumbusho wanatosha. Omba kibali cha maandishi cha kuwapasua.

1. Andika namba ya mjusi, mahali alipokamatwa, na urefu wake toka puani hadi tundu la haja.

2. Mpasue tumboni, pembeni kidogo ya mstari wa kati. Ncha ya mkasi ielekee juu, maana ikizama tu, utumbo umekatika. Kabla ya kutoa chochote, kagua uwazi wa mwili na uso wa ini: vifuko vyenye mabuu hukaa huko, na wenye haraka huvipita.

3. Toa umio, mfuko wa chakula, utumbo mwembamba na utumbo mpana. Kila kipande kikae kwenye kisahani chake, na lebo yake. Hapa sikubali njia ya mkato. Minyoo ya mviringo ya jenasi Physaloptera hukaa kwenye mfuko wa chakula, tegu wa jenasi Oochoristica kwenye utumbo mwembamba, na minyoo ya mviringo ya jenasi Parapharyngodon kwenye utumbo mpana. Mahali pekee hapatoshi kutaja spishi, tena mjusi akichelewa kuhifadhiwa minyoo huhama, lakini ukishaichanganya hutajua tena ipi ilitoka wapi.

4. Chana kila kipande kwa urefu chini ya hadubini ya kupasulia, ukwangue ute. Miguu ya wadudu na nyuzi za mizizi hudanganya macho. Usitupe mabaki ya chakula: Physaloptera hufika kwa mjusi kupitia mdudu aliyeliwa, ilhali mayai ya Parapharyngodon humezwa moja kwa moja, na anayeishi udongoni hayakwepi kirahisi.

5. Minyoo ya mviringo iweke kwenye tone la gliserini hadi iwe angavu, kisha tazama mkia wa dume. Dume wa Parapharyngodon ana spikula (kijisindano cha kujamiiana) moja tu. Tegu hupakwa rangi ya hematoksilini.

6. Jaza jedwali, pamoja na mijusi wasio na mnyoo hata mmoja. Ukiwaacha, kiwango cha maambukizi kitapanda kwa uongo. Minyoo ikabidhiwe makumbusho, kila chupa ikiwa na namba ya mjusi ilikotoka.