Jinsi ya kupanga skeli kwa aina za hatua zake, kuanzia piano hadi amadinda

Skeli ni noti za muziki zilizopangwa kutoka chini kwenda juu, na hatua ni umbali kutoka noti moja ya skeli hadi inayoifuata. Unapopanga skeli kwa njia hii, idadi ya noti haikuhusu sana. Unachotafuta ni hatua zake zina ukubwa wa aina ngapi; idadi hiyo ya aina ndiyo kundi la skeli. Do-re-mi ina noti saba, lakini hatua zake ni za aina mbili tu, toni nzima na nusu toni. Kwa senti, kipimo cha umbali kati ya noti ambapo oktavu (kutoka do hadi do ya juu) ni 1200, zinafuatana hivi: 200, 200, 100, 200, 200, 200, 100. Skeli ya mainori ya hamoniki ni 200, 100, 200, 200, 100, 300, 100, kwa hiyo ina aina tatu. Skeli ya toni nzima sita ina aina moja. Usisahau hatua ya mwisho, ile ya kurudi kwenye oktavu. Jumla isipofika 1200 kwenye piano, umeiacha hiyo.

Kuanza na noti nyingine ya skeli ile ile hakubadilishi kundi, kwa sababu hatua ni zile zile, zimezungushwa tu.

Kwenye piano kazi imeisha. Kwenye amadinda, marimba ya Buganda yenye mbao 12 na noti tano kwa oktavu, lazima upime kwanza, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Tumia simu yenye programu ya kutyuni inayoonyesha Hz, yaani mitetemo kwa sekunde. Acha mbao juu ya mashina ya migomba zinapolala, maana ukiushika ubao mkononi sauti inakufa. Wachezaji hupiga kwenye ncha, lakini wewe kwa kupima piga katikati, polepole, kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Ukipiga ncha, simu inaweza kudaka sauti ya juu ya ubao badala ya sauti yake ya msingi. Kwenye ubao wenye unene sawa, sauti hiyo ni takriban mara 2.76 ya msingi, na katikati ya ubao ndipo inapotulia. Ubao ukisomeka juu kuliko jirani yake kwa zaidi ya oktavu, sababu ni hiyo. Soma kila ubao mara tatu, uchukue namba ya kati.

Kisha gawanya Hz ya ubao wa juu kwa ya ubao wa chini, tafuta logi ya msingi wa 10, uzidishe kwa 3986.3. Mfano: 251.5 ÷ 220 ni 1.1432, logi yake 0.0581, na hatua ni senti 232 hivi.

Usitumie herufi za noti zinazoonyeshwa na programu. Chukua skeli ya noti tano zilizo sawa kabisa, senti 240 kila hatua. Ikianzia C, programu itakuandikia C, D, F, G, A#, na alama ndogo pembeni ya noti nne za mwisho: +40, −20, +20, −40. Ukizipuuza alama hizo unapata 200, 300, 200, 300, 200. Skeli ya aina moja imegeuka ya aina mbili, na kosa ni la herufi, si la fundi wa marimba.

Sasa tuseme umepata 232, 247, 234, 249, 238. Ni aina tano, mbili au moja? Jibu linategemea kiwango cha tofauti unachokubali kuita "sawa", na kiwango hicho usikibuni. Chombo chenyewe kinakupa. Ubao wa 6 ni oktavu ya ubao wa 1, wa 7 ni oktavu ya wa 2. Linganisha hatua ya 1–2 na ya 6–7, ya 2–3 na ya 7–8, uendelee hivyo. Ikiwa 1–2 ni 232 na 6–7 ni 250, sikio lililotyuni chombo hicho limezikubali kama hatua moja licha ya tofauti ya senti 18. Kuita 232 na 247 aina mbili kwenye chombo hicho hakuna msingi. Andika aina moja. Lakini kama jozi zote za oktavu zinakubaliana ndani ya senti 6, basi 232–238 na 247–249 ni makundi mawili ya kweli. Oktavu yenyewe ikitoka 1190 au 1215, iache ilivyo. Ukiinyoosha iwe 1200 unapoteza habari.

Adungu, vinubi vya Uganda, za shule na makanisa zilizotyuniwa do-re-mi huangukia aina mbili. Ila fundi akitafuta hamoni safi kwa sikio, toni nzima hugawanyika kuwa 204 na 182, nusu toni huwa 112, na skeli inahamia aina tatu. Wimbo ni ule ule, kundi limebadilika.

Kwa skeli za aina mbili kuna kipimo kimoja zaidi: jumlisha hatua tatu tatu ukizunguka. Do-re-mi inatoa 500 na 600 peke yake. Mainori ya melodi inayopanda, 200, 100, 200, 200, 200, 200, 100, inatoa 400, 500 na 600. Zote zina toni tano na nusu toni mbili, ila ya pili haikusambaza nusu toni zake kwa usawa. Zipe vijikundi tofauti, na kila unapoandika kundi la chombo, andika kando yake kiwango cha senti ulichotumia.