Hesabu ya Mali Isiyoingia Benki

Msiba ukitokea saa tisa usiku kwenye nyumba yenye watu, ikifika saa moja asubuhi turubai limeshafungwa, mikeka imetandikwa, masufuria makubwa yameletwa kutoka nyumba tatu tofauti, mapipa yamejaa maji, na kuna mtu ameketi mlangoni na daftari la rambirambi. Hakuna aliyekodiwa. Jaribu kuvilipia vyote hivyo alfajiri hiyohiyo, kwa simu, uone. Nyumba ya pili ina geti la umeme na magari mawili, na msiba ukitokea mwenye nyumba anahangaika kutafuta namba ya mtu wa viti. Nyumba ya kwanza ina kitu ambacho ya pili haina. Kitu hicho kinahesabika, kinajengwa, na kisipoangaliwa kinaoza kama mahindi yaliyoingizwa ghalani kabla ya kukauka.

Hesabu hii ya watu, muda, mwili na mikono haichukui nafasi ya pesa. Mwenye mkopo wa kausha damu unaodai rejesho kila siku ashughulike na huo kwanza. Na bosi anayewahubiria wafanyakazi kwamba utajiri wa kweli ni upendo, huku mishahara imechelewa miezi miwili, aulizwe mishahara iko wapi. Salamu hazishibishi.

Kinachohitajika

Kaunta buku moja, kalamu ya wino, na jioni mbili zisizo na wageni. Simu weka mbali. Orodha ya simu ina majina mia kadhaa, na mengi ni ya mafundi, madalali na watu waliowahi kukuuzia kitu. Ukianzia huko utajiona tajiri bure. Gawa daftari sehemu nne: Watu, Muda, Mwili, Mikono. Ya kwanza ipewe nusu ya kurasa, maana ndiyo inayojaa na ndiyo inayoharibika haraka.

Watu

Usiandike majina halafu ukatafuta kazi ya kila jina. Anza na shida, kisha andika jina linalokuja lenyewe. Lisipokuja, acha mstari mtupu; ule utupu nao ni hesabu.

1. Saa nane usiku mtoto ana degedege. Nani anaweza kufika na chombo cha usafiri ndani ya dakika 20?
2. Unasafiri ghafla siku tatu. Watoto wanalala kwa nani, bila malipo?
3. Nani ana ufunguo wako wa akiba?
4. Nani anaweza kukukopesha nusu ya mshahara wako bila kuandikishana?
5. Nani hukwambia usoni kwamba hapa umekosea, na humnunii?
6. Kwako kukiwa na msiba, nani atashika daftari?

Mbele ya kila jina weka mambo matatu: anaishi wapi, mlionana au kuongea lini mara ya mwisho, na mara hiyo nani alikuwa na shida. Safu hii ya tatu ndiyo inayoumbua. Ukikuta mara zote ni wewe uliyekuwa unaomba, au mara zote ni yeye, hapo pana jambo.

Angalia pia majina yanatoka wapi. Kosa la kawaida la mtu wa mjini ni kuwa na majina kumi na mawili yote ya ofisi moja. Kazi ikiisha, kundi la WhatsApp linabadilishwa jina na yeye hayumo. Majina yatoke angalau sehemu tatu: ukoo, mtaa, na mahali pengine kama ibada, kikoba, timu au chama. Swali la kwanza na la tatu lazima yajibiwe na mtu wa mtaani. Ndugu aliye Mwanza hawezi kukufungulia mlango Mbagala.

Baada ya hapo, mistari mitupu inajazwa kwa kazi ndogo zinazorudiwarudiwa.

Ya kwanza ni simu ya salamu tupu. Mbili kwa wiki, siku na saa ileile, dakika tano zinatosha. Ugumu wake uko mwishoni. Mtu uliyepotezana naye mwaka mzima atajibu salamu zote, za nyumbani, za kazi, za watoto, kisha atanyamaza kidogo na kusema, "Enhe, nambie." Anasubiri shida. Ukimjibu "nilikuwa nakujulia hali tu," atacheka, na hatakuamini. Usijieleze. Aga, ukate. Piga tena baada ya wiki tatu nne. Kwenye simu ya tatu ndipo anapoanza kukueleza mambo yake bila kuulizwa, na hapo ndipo jina linapostahili kuingia daftarini. Anayeharibu ni yule anayepiga salamu mbili halafu ya tatu anaomba mchango. Huyo amerudi nyuma kuliko alikoanzia.

Ya pili ni kufika. Muda na nauli vikiwa haba, tanguliza ugonjwa na msiba kuliko harusi. Harusini watakuwepo watu mia tatu, hutaonekana umekosekana. Msibani, aliyefika usiku wa kwanza akaosha vyombo anakumbukwa kuliko bahasha ya siku ya tatu. Nenda na kitu kinachotumika palepale: kilo mbili za sukari, majani ya chai, mkaa. Kwa mgonjwa kaa robo saa, usitaje mtu yeyote aliyekufa kwa ugonjwa huohuo (inatokea mno), na uji upeleke kwenye chupa ya chai ambayo huna haraka nayo. Kwa mama aliyejifungua, kama si ndugu wa karibu, subiri siku kadhaa zipite, kisha peleka unga wa uji na sabuni ya kufulia, halafu zifue hizo nguo.

Michango ya harusi inahitaji neno lake, kwa sababu ndiyo inayowachosha watu mpaka wakaanza kuwakwepa wenzao. Tenga fungu la michango kila mwezi, tuseme asilimia tano ya kipato, na likiisha limeisha. Usiandike ahadi ya laki moja kwenye kikao kwa sababu aliyekutangulia ametaja laki moja. Elfu ishirini iliyotolewa siku hiyohiyo humsaidia mwekahazina kuliko laki ya kufukuziwa kwa meseji mpaka siku ya ukumbi. Kama huna hata hiyo, omba kazi kwenye kamati: kusimamia vinywaji, kupokea wageni kituo cha mabasi, kurudisha viti. Kamati ina wazungumzaji tele. Wa kurudisha viti hawapatikani. Ukirudisha viti, hakuna atakayekumbuka kwamba kadi yako ilikuwa singo badala ya dabo.

Ya tatu ni kuazimana. Ngazi, koleo, sufuria la pilau, pampu ya baiskeli: kila kinachotoka nyumba hii kwenda ile ni uzi. Kirudi kisafi na kirudi kabla hujaulizwa. Watu wa pwani wana kawaida ya Ramadhani ambayo inafaa mwaka mzima: sahani ya futari iliyotoka kwa jirani hairudi tupu. Lakini angalia muda. Ukipewa kaimati jioni hii ukarudisha sambusa jioni hiyohiyo, za thamani ileile, umelipa, na aliyelipa hadaiwi wala hadai. Jirani anaweza kusoma kwamba hutaki mazoea. Acha siku mbili tatu zipite, kisha rudisha na kitu kingine kabisa, hata limau kutoka mti wako. Na usirudishe kikubwa mno. Sahani ikianza kugeuka mashindano, mwenye uwezo mdogo ataacha kuleta.

Deni na msaada visilale ukurasa mmoja

Hapa ndipo wengi wanapobomoa walichojenga. Wamaasai wana uhusiano wanaouita *osotua*, neno ambalo kwa asili ni kamba ya kitovu. Kanuni zake ni chache. Unaomba ukiwa na shida ya kweli. Unaomba kiasi cha shida hiyo, usizidishe. Mwenye nacho anatoa, mradi kutoa huko kusimwangushe mwenyewe. Hakuna anayehesabu nani ametoa mara ngapi. Deni la kawaida lina jina jingine na kanuni nyingine: linalipwa. Kinachofanya mfumo huo usimame ni kwamba pande zote mbili zinajua toka mwanzo hili ni lipi.

Mijini tunatuma pesa bila kusema. Mmoja anadhani amekopesha, mwenzake anadhani amesaidiwa, na baada ya miezi minne hawapokeleani simu. Dawa yake ni sentensi moja wakati wa kutoa: "Hii nirudishie mwisho wa mwezi," au "Hii usiirudishe." Ukiwa na shaka kama utarudishiwa, toa kiasi kidogo unachoweza kukisahau, na useme kwamba si deni. Ukiamua ni msaada, tuma na ya kutolea. Anayepokea elfu kumi ya dawa halafu akakatwa ada, amepokea dawa pungufu.

Deni liandike upande wa nyuma wa daftari, na tarehe. Msaada usiuandike kabisa. Kurasa za watu zinaandika mlionana lini, hazisemi nani anadaiwa nini; zikianza kusema hivyo, zichane.

Na kuna anayechukua tu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: mwombe naye kitu kidogo kilicho ndani ya uwezo wake, akusaidie kuhamisha kabati, akupitie sokoni. Akifanya, endeleeni. Akikwepa mara tatu, mkatalie mapema na kwa maneno mafupi. Sababu ndefu za kukataa humpa mtu nafasi ya kuzijibu moja baada ya nyingine.

Muda

Wiki ina saa 168. Toa 56 za usingizi, 50 za kazi, na kwa mtu anayekaa foleni saa tatu kwa siku, siku sita, toa 18. Zinabaki 44. Kwa siku saba andika kila jioni zimekwenda wapi: kazi za nyumbani, watoto, simu, watu, kupumzika. Za simu usikadirie. Mipangilio ya simu nyingi inaonyesha saa za matumizi kwa siku, na namba hiyo huwa inamshtua mwenyewe.

Usijaribu kuokoa saa kumi. Okoa mbili, na uzifunge mahali pamoja kwa saa isiyobadilika. Majumba ya zamani ya Lamu na Zanzibar yalijengwa na mabenchi ya mawe mbele ya ukuta, baraza, na mazungumzo ya pale hayahitaji mwaliko: anayetaka kukuona anajua saa kumi na moja utakuwepo. Asiye na baraza atafute mbadala: kijiwe cha kahawa na kashata, ubao wa bao chini ya mwembe, genge lenye benchi. Ratiba ya "tutafutane wikiendi" haijawahi kukutanisha watu.

Mwili

Kurasa mbili zinatosha. Andika saa za kulala na kuamka kwa wiki mbili, na shinikizo la damu. Kabla ya kupima, kaa kimya dakika tano, miguu chini, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Chini ya 120/80 ni kawaida. Ikifika 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, nenda kituo cha afya, usisubiri kichwa kuuma, kwa sababu mara nyingi hakiumi.

Kurasa hizi zinahusiana na za watu kuliko zinavyoonekana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza 1938, ukawafuata wanaume walewale mpaka uzeeni, ulikuta kwamba waliokuwa wameridhika na mahusiano yao walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika 80, na jambo hilo lilibashiri vizuri kuliko kipimo cha lehemu (kolesteroli).

Mikono

Andika vitu kumi unavyoweza kufanya ambavyo jirani angeweza kuja kuviomba. Usitafute vyeti. Kubadilisha plagi, kukata nywele, kutotoa vifaranga, kusoma maelezo ya hospitali na kuyaeleza kwa lugha ya nyumbani, kujaza fomu, kutuliza mtoto. Wengi hukwama kwenye cha nne, kisha mtu wa nyumbani anapoulizwa anaongeza vitano.

Pembeni ya kila kimoja andika jina la aliyejifunza kwako. Safu hii kwa kawaida ni tupu. Chagua kimoja na mtu mmoja, na mfundishe mara tatu: ya kwanza aangalie, ya pili afanye mkiwa pamoja, ya tatu afanye peke yake nawe ukiwa umekaa mbali, mikono umeikunja. Ya tatu ndiyo ngumu kwa mwalimu. Ukimpokonya bisibisi, mmerudi mwanzo.

Kurudia

Rudia kurasa za watu kila baada ya miezi mitatu. Mistari mitupu isipungue yote kwa mpigo. Mmoja kwa robo mwaka ni mwendo mzuri. Jina la aliyehama lipigwe mstari mwembamba, lisifutwe, na pembeni iandikwe namba mpya. Jina lisiloguswa miezi sita lipewe simu ya salamu tupu kabla hujaliondoa.

Daftari likae pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja, na mtu mmoja wa nyumbani ajue lilipo. Siku litakapohitajika sana, huenda mwenyewe usiwepo wa kulifungua.