Kabla hujasema grafini yako ina usumaku

Sampuli yangu ya kwanza ya grafini tupu (karatasi za kaboni zenye unene wa atomu moja) ilionyesha usumaku, nikafurahi siku tatu nzima. Kumbe nilikuwa nimeishika kwa kibano cha chuma. Vumbi la chuma lisiloonekana kwa macho latosha kuharibu kipimo. Tumia kibano cha plastiki, na pima grafini yako kabla hujaichanganya na chochote: ikiwa safi, sumaku huisukuma kidogo tu, haiivuti.

Ukianza na oksidi ya grafini, yaani grafini iliyoshikana na oksijeni, iliyotengenezwa kwa pamanganeti, ioshe kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha kwa maji, tena na tena. Manganizi ya pamanganeti ikibaki humo nayo huvutwa na sumaku.

Sasa magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku: ndiyo tunayoichanganya na grafini ili kuipa usumaku. Tawanya oksidi ya grafini majini kwa mawimbi ya ultrasauti. Tia chumvi za chuma, chuma(III) mafungu mawili kwa fungu moja la chuma(II), kwa hesabu ya moli, pitisha naitrojeni ifukuze hewa, pasha moto hadi nyuzi 80 za selsiasi hivi, kisha dondoshea amonia hadi pH ifike 10. Mchanganyiko lazima uwe mweusi. Ukiwa wa hudhurungi, oksijeni imeingia, anza upya. Osha huku sumaku iliyo nje ya chupa ikizishika chembe.

Oksidi ya grafini haipitishi umeme vizuri, hivyo iondolee oksijeni. Mimi hutumia vitamini C, maana haidrazini, kemikali nyingine ya kazi hii, ni sumu kali. Ila usiache pH ishuke: kwenye uasidi, vitamini C huyeyusha magnetaiti uliyoihangaikia.

Kwa umeme, gandamiza unga uwe kidonge, upime kwa ncha nne: mbili za mkondo, mbili za volti. Pima bila uga wa sumaku, kisha ndani yake. Andaa sampuli zenye viwango tofauti vya magnetaiti. Chembe zikijaa kati ya karatasi za grafini, elektroni hupita kwa shida na ukinzani hupanda.

Kwa usumaku, chembe zikiwa ndogo, tuseme nanomita 10, mchoro wa usumaku dhidi ya uga kwenye joto la chumbani hupinda kama herufi S bila kitanzi, yaani uga ukiondolewa usumaku haubaki. Kilele chake usikilinganishe moja kwa moja na emu 92 (emu ni kizio cha usumaku) kwa gramu za magnetaiti ya kawaida, kwa sababu sehemu ya uzito wako ni kaboni. Mimi huunguza kiasi hewani: kaboni huondoka, magnetaiti hugeuka hematiti, oksidi nyingine ya chuma, nyekundu. Uzito wa unga huo mwekundu gawanya kwa 1.035, utapata magnetaiti iliyokuwamo.