Trakiboli badala ya mausi: jinsi ya kuiandaa kwa gemu za kompyuta

Meza za saiba nyingi Kisumu na Nakuru ni finyu. Kibodi ikishakaa, mausi inabakiwa na nafasi ya kiganja tu, na anayecheza gemu ya risasi humgonga jirani kila anapogeuka. Trakiboli, kifaa cha kuongoza kishale kwa mpira, haisogezwi: inakaa pale pale, vidole ndivyo vinavyozungusha mpira wake. Lakini ukiichomeka na kuanza kucheza kwa mipangilio ya mausi, hutalenga chochote, na utailaumu bure.

Ziko aina mbili. Ya kidole gumba, kama Logitech M575, ina mpira wa milimita 34. Inafaa gemu za mikakati, kwa kuwa vidole vya kubofya vinabaki huru. Ya vidole, kama Kensington Expert, ina mpira wa milimita 55 unaozungushwa kwa kidole cha shahada na cha kati. Kwa kulenga shabaha chukua hii ya pili: gumba lina nguvu, ila halina wepesi wa vidole hivyo viwili katika miendo midogo, tena likifanya kazi saa nyingi huuma kwenye shina lake. Kitufe cha kufyatua kiweke chini ya gumba na cha darubini chini ya kidole cha pete, ili vidole vya mpirani visilazimike kuondoka.

Anza na Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika main.cpl, fungua "Pointer Options", ondoa alama kwenye "Enhance pointer precision", kisha acha kasi iwe katikati. Alama hiyo ikibaki, safari ya kishale hubadilika kulingana na kasi ya kidole, na mkono haupati kipimo cha kuzoea. Ndani ya gemu, washa "raw input" kama ipo, ili gemu isome mwendo wa kifaa moja kwa moja bila kupitia mipangilio ya Windows.

Sasa pima. Vidole vikifagia mpira mkubwa mara moja hupita kama sentimita 6, halafu huna budi kuviinua. Basi panga mfagio mmoja umgeuze mchezaji nyuzi 180, yaani sentimita 12 kwa mzunguko mzima. Katika gemu ya risasi ya Counter-Strike 2, DPI 800 (idadi ya hatua ambazo kifaa huhesabu kwa kila inchi ya mwendo) na sensitiviti (kipimo cha gemu cha jinsi mwendo huo unavyomgeuza mchezaji) ya 4.3 hivi hukufikisha hapo. DPI 400 itataka maradufu ya sensitiviti hiyo. Aliyezoea mausi ataona namba hizi ni kubwa mno, lakini yeye ana mkono mzima wa kusukuma. Kwenye gemu nyingine, simama ukitazama kona ya ukuta, fagia mara moja, urekebishe mpaka uishie kutazama nyuma kabisa. Ukiipita shabaha kila mara, punguza sehemu moja ya kumi, si nusu.

Kinachowasumbua wengi ni kusimama. Mausi husimamishwa na msuguano wa meza, ilhali mpira mzito huendelea kuzunguka. Ubane kwa ncha za vidole vyote viwili mara tu shabaha inapofika. Fanya zoezi hilo kwanza dhidi ya boti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, dakika kumi na tano kwa siku, kabla ya kuingia mechi za watu.

Usafi ndio unaoamua. Mpira hukalia vishikizo vitatu vidogo mno, na jasho la joto la Kisumu likichanganyika na vumbi hujenga uchafu mweusi juu yake. Kishale kikikwama unapoanza mwendo wa polepole, ni huo. Toa mpira: wa M575 usukume kwa kalamu kupitia tundu la chini, wa Kensington hudondoka ukigeuza kifaa, kwa hiyo kigeuze juu ya taulo, kwani sakafu ya saruji itaumega. Kwangua vishikizo kwa kijiti cha meno cha mbao, si sindano, kisha pitisha kijiti cha pamba kikavu kwenye kioo cha sensa, jicho linalosoma mwendo wa mpira. Kishale kikirukaruka, mara nyingi kuna unywele hapo. Safisha kila wiki kama unacheza kila siku, na mara mbili kwa wiki Nakuru inapokauka kuanzia Januari.

Mpira uliotoka kuoshwa kwa sabuni hukwaruza na kugoma. Uzungushe viganjani dakika moja upate mafuta ya ngozi, ndipo uurudishe. Usipake mafuta ya kupikia wala jeli: yatanasa vumbi.